Nilivyoisafisha Kompyuta ya Shangazi kwa Ajili ya Idi

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu hainikeri kama inavyowakera wenzangu kazini. Wao hukimbilia kufungua dirisha. Mimi husogea nikainusa, nao hunicheka. Harufu hiyo hunirudisha mtaani kwetu Nguvumali, kwenye chumba cha Shangazi Mwanaidi, mwaka nilipotaka kuwa bingwa nikaishia kulia.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Aliolewa mapema, akafiwa na mume, na alipovuka arobaini akaamua kusomea ualimu. Mashoga zake walimtania kwamba atahitimu siku moja na wajukuu. Alicheka nao, kisha akarudi mezani kuandika ripoti yake ya mwisho kwenye kompyuta iliyoendeshwa kwa mfumo wa Linux, aliyotuachia binamu yangu, Salumu, alipohamia Dar. Ripoti ile ilitakiwa chuoni mara tu baada ya Idi. Bila hiyo, hakuna cheti.

Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa nzito. Ukibofya, ungeweza kwenda kuteka maji ukarudi ndipo dirisha lifunguke. Salumu alituachia sidii na karatasi ya maelekezo ya kuweka mazingira mapya ya deskitopu, yaani sura yote ile unayoiona ukishawasha, menyu, madirisha na vitufe, iliyo nyepesi zaidi kwa mashine kongwe. Shangazi alisema tutaifanya kazi hiyo siku moja, Inshallah. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Inshallah za watu wazima nilikwisha kuzijua.

Basi kumi la mwisho la Ramadhani likaingia, na Shangazi akaenda Muheza kumjulia hali mgonjwa. Nikaona nimfanyie sikukuu yake mapema.

Nanyi mnajua Idi inavyopokewa kwetu. Vitanda, makabati, majamvi, vyote hutolewa uani. Sakafu husuguliwa, kuta hupigwa chokaa, ndipo vitu vipya huingia. Shangazi alikuwa mkali sana kwa hilo: mkeka mpya hautandikwi juu ya wa zamani. Kwa hiyo nilipoisoma karatasi ya Salumu nikaona kachanganya mambo. Aliandika kwamba weka mazingira mapya kwanza, yajaribu, kisha uyaondoe ya zamani ukipenda. Nikasema moyoni, huyu Dar imeshamharibu, hajui hata kusafisha nyumba. Nikaanza na mstari wa mwisho, ule wa kuyaondoa ya zamani.

Maandishi yakapita mbio, nikafurahi. Nikazima, nikawasha ili sasa niyaweke mapya. Kioo kikawa cheusi tii, na kwenye kona ya juu maneno machache meupe na kistari kinachopepesa. Hakuna menyu, hakuna picha ya maua, hakuna ripoti. Nikampigia Salumu, simu haikupatikana.

Shangazi alirudi baada ya alasiri na kikapu cha machungwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti imekukwama?"

"Hamna kitu."

"Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema yote, kwa kwikwi. Alikiinamia kile kioo, baibui bado mwilini.

"Na ripoti yangu?"

"Sijui, Shangazi."

"Basi shukuru Mungu nimefunga," akasema, akaketi kitandani.

Nilingoja kofi, au anitume nikamwite fundi wa mtaa wa pili. Badala yake aliinuka akavuta kiti.

"Kaa hapa. Nisomee hiyo karatasi tangu juu, kama mwenyewe alivyoandika. Usimsahihishe."

Nikaandika jina, neno la siri, kisha amri ya kwanza, herufi moja moja. Sidii ikaanza kuunguruma. Shangazi alisimama nyuma yangu, mkono begani mwangu, akiomba dua umeme usikatike. Adhana ya magharibi ikalia. Alifungua papo hapo kwa tende na funda la maji, nami akanitia tende mdomoni, futari ikatupolea jikoni.

Tulipowasha tena, ilitokea sura ya kijivu isiyo na urembo wowote, lakini dirisha lilifunguka kabla sijamaliza kusema Bismillahi. Ripoti ilikuwapo, kurasa zote, na makosa yake yote ya tahajia. Kumbe nilichokitoa ni sura tu, mafaili hayakuguswa. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga, nami nikadhani ni kicheko tu.

Cheti alikipata, akafundisha Pongwe miaka mingi. Mwaka jana, tukimenya viazi, nilimuuliza kwa nini siku ile hakumwita fundi.

"Mimi nilijua ripoti imeshapotea," akanijibu bila kuinua macho. "Nikasema, hiyo nitaandika nyingine, hata kama ni mwakani. Lakini wewe ningekutoa kwenye kile kiti, usingekaa tena."

Nikaacha kumenya. Miaka yote nilidhani aliniweka pale kwa sababu alijua mambo yatatengemaa. Leo kompyuta ndizo zinazonilisha, na kila kioo kinapozimika mbele yangu mimi sikimbii. Mwanamke yule alisimama nyuma yangu akiamini kwamba nimemharibia kazi yake yote, mkono wake begani mwangu, nami sikuuhisi ukitetemeka hata mara moja.