Mzazi wa Kumzaa

Mdomo ninao, na Kariakoo nzima inajua. Mimi ni mwalimu wa historia. Jioni nafundisha tuisheni kwenye chumba cha ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vipuri pale Gerezani, na basi la mwendokasi likipita chini nanyamaza kwanza, likishapita naendelea. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilidanganywa au nilizidiwa maneno. Katiba iliyomnyima mama mdogo kaburi lake niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alifariki sijaota hata meno ya pili, yeye akanifuata Kilimanjaro, akanileta Dar, akanilea kwenye chumba kimoja huku akiuza vitenge Kariakoo. Mwenyewe hakuzaa. Na katika maisha yake yote aliniomba jambo moja tu: "Mwanangu, msije mkanizika huku kwenye mchanga. Mnirudishe kihambani, nilale karibu na mama yangu."

Kihamba ni shamba la migomba la ukoo, na kwetu wafu hulala humo. Lakini kaburi kihambani ni ushahidi. Leo umezika, kesho mtu anadai ardhi. Kihamba chao kilikuwa kimebaki kwa watoto wa kaka yake, vijana wakali, na walishasema hawafungui geti bila mashahidi wazima wa kuaminika. Mashahidi hao ni wazee wa umoja wetu wa kufa na kuzikana, sisi watu wa Kilimanjaro tulioko Kariakoo. Wao ndio wanaosindikiza mwili hadi nyumbani, wanasimama mbele ya ukoo na kusema: huyu amekuja kulala tu, hajaja kugawana. Mama mdogo alipoacha kuuza vitenge, nafasi yake kwenye umoja niliingia mimi.

Enzi hizo umoja wenyewe ulikuwa vikundi vitatu vilivyoshikana mikono kivivu: wauza vipuri, wauza vitenge, na wauza vyombo. Kila kikundi na mwenyekiti wake, mhuri wake, masufuria yake. Walikubaliana kusaidiana, ila hakuna linalofanyika mpaka wote watatu waseme ndiyo. Basi akafariki fundi mmoja wa vipuri, mtu mwema, na maiti ikakaa mochwari siku nne kwa sababu wenyeviti walikuwa wanabishana nani atangulie kuzungumza nyumbani kwa marehemu. Siku nne! Mjane amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, na wanaume wazima wananuniana. Nilisimama pale msibani nikawaambia hawana haya.

Mwenyekiti wa vitenge akasema, "Sasa mwalimu, si wewe unayajua haya mambo ya katiba? Tuandikie."

Loh, nilivimba kichwa. Mada ile nilikuwa naifundisha wiki hiyo hiyo: Wamarekani baada ya kupata uhuru. Majimbo kumi na matatu, kila moja linajiona nchi, serikali ya pamoja haina hata uwezo wa kutoza kodi, na kubadilisha neno moja la mapatano yao lazima yote kumi na matatu yakubali. Mwishowe wakaitana ili warekebishe mapatano, wakafunga madirisha katikati ya joto, wakaandika katiba mpya kabisa. Nilikuwa naisimulia hadithi hiyo kwa madaha. Niliona hapa kwetu ndiyo ile ile, ila na vitenge.

Mama mdogo alinikuta naandika mezani kwake. Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nikamwelezea na yeye, maana nikianza sikomi: kwamba majimbo ya kusini yaligoma kujiunga mpaka watumwa wao wahesabiwe kwenye kugawana viti vya bunge, basi wakubwa wakapatana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

"Na hao watumwa walikuwepo kikaoni?" akauliza.

"Mama naye! Wangekuwepo vipi?"

"Nauliza tu," akasema, akaendelea kumenya.

Vikao vyetu vilikuwa sita. Mwenyekiti wa vyombo ndiye aliyetusumbua. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa kudanganywa. Alisema kila mwanachama atasindikiziwa wazazi wake, sawa, lakini watu wa mjini wana ujanja. Mtu atakuja na mama wa tatu, na mama wa nne, shangazi naye atakuwa mama, jirani naye mama. Akataka tuandike "mzazi wa kumzaa". Tusipoandika hivyo, yeye na watu wake wanabeba masufuria yao, wanarudi walikotoka.

Kalamu ilisimama. Naapa ilisimama. Kwa lugha yetu sote mama mdogo ni mama. Hakuna mtu pale aliyelelewa asijue hivyo. Nilimwona mama mdogo kichwani kama alivyo, na kilemba chake. Na nilimwona pia yule mjane wa siku nne. Nikajiambia: tupite kwanza, baadaye tutarekebisha. Nikajiambia wanamfahamu, ndiye anayewapikia kwenye misiba yote, nani atamgusa? Nikaandika. Wakapiga makofi, na mimi nikatabasamu, mjinga mimi.

Na kwa kweli katiba ilifanya kazi. Lazima niseme ukweli huo hata kama unaniuma. Misiba mitatu iliyofuata ilikwenda vizuri, hakuna aliyelala mochwari akisubiri viburi vya watu. Mama wa kambo wa kijana mmoja wa vyombo alikataliwa, kijana akalia sana, nami nikamwambia sheria ni sheria. Mkuki kwa nguruwe.

Mama mdogo alianguka bafuni wiki moja baada ya Pasaka. Hospitali hakumaliza siku mbili. Asubuhi ile nilikwenda moja kwa moja kwa wenyeviti, wakiwa wamekaa dukani kwa yule wa vitenge, sijala, sijafunga hata viatu vizuri. Walinipa kiti, walinipa pole. Kisha yule wa vitenge akafungua katiba. Alikuwa anatafuta kwa nia njema, niliona kidole chake kinavyotembea, kinarudi, kinatembea tena.

"Mwalimu," akasema, "humu hayumo."

"Badilisheni."

"Mabadiliko ni mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni Desemba."

Hilo nalo nililiandika mimi, nikiogopa watu wasije wakawa wanabadilisha mambo misibani kwa machozi. Nililia hapo hapo dukani. Nilipiga kelele. Niliwaambia zamani mngepigiana simu tu, mngegombana, halafu mngekwenda! Na ni kweli. Zamani wangegombana siku nne, halafu wangempeleka. Yule wa vyombo alikuwa anatazama sakafu. Akasema wakimpitisha mama mdogo wangu, watamwambia nini yule kijana na mama yake wa kambo? Nikainama, nikafunga viatu, nikatoka.

Nikawapigia wale vijana wa kihambani. Mkubwa wao alinisikiliza kwa adabu, "shikamoo dada," "pole dada." Halafu akauliza wazee wa umoja wanafika lini. Nilipomwambia hawaji, akasema basi dada, mzikeni huko huko, sisi tutamwombea huku.

Tulimzika Kinondoni, kwenye mchanga. Umoja mzima ulikuja. Vikundi vyote vitatu, wamefunga maduka, kanga za sare, wanawake wamepika tangu alfajiri kwa namna aliyowafundisha yeye. Sijawahi kuona msiba wa watu wetu umepangwa vizuri namna ile. Tulipomaliza kuweka maua, mwenyekiti wa vyombo alinijia huku analia, analia kweli, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Tumempoteza mama yetu."

"Asante, mwenyekiti," nikamjibu.