Mimi Kichwa, Skola Mkia

Nianze na aibu yenyewe, tumalizane nayo. Nilisimama mbele ya mgeni wa wilaya, nikanyanyua mikono miwili juu, nikapiga ukelele kama nilivyozoea kufukuza ndege shambani: "Dis!" Kalamu ikamtoka mgeni mkononi. Halafu nikasubiri. Neno lenyewe sikuwa nalo.

Sisi tuliokulia Idete tunajua mpunga ukianza kuinamisha shingo, shule inabaki na nusu ya watoto. Wengine tuko juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kuanzia alfajiri, debe mkononi, tunapambana na wale ndege wenye midomo myekundu wanaoshuka kama wingu. Baba hakuwa na mjadala. "Shule ipo kila siku, mpunga unaiva mara moja." Chakula ni muhogo wa kuchoma na chai kwenye chupa ya soda iliyozibwa na gunzi. Chai ya baridi, tamu mpaka leo sijaipata nyingine.

Tulikuwa darasa la sita. Mwalimu Agata alikuwa ametufundisha maneno ya Kiingereza kwa kutumia kambale. Alimchora ubaoni, akamkata vipande vitatu kwa chaki: kichwa, kiwiliwili, mkia. Agree ndiyo kiwiliwili, maana yake kukubali. Mpachike kichwa cha dis, amekataa. Mpachike na mkia wa ment, sasa ni disagreement, kutokukubaliana kwenyewe. Mimi nilielewa haraka sana, maana nilikuwa na njaa.

Msimu ulipofika alituambia wazi sisi walinda ndege: "Mgeni akija kukagua, nyie ndio nitawasimamisha. Asiyeweza anarudia darasa."

Kwangu kurudia haikuwa msiba. Kwa Skola ilikuwa kitu kingine. Skolastika, jirani yetu, dungu lake lilitazamana na la kwangu, katikati kuna tuta na maji. Baba yake alishamwambia akirudia darasa asahau madaftari, atabaki nyumbani moja kwa moja. Kwa hiyo ni Skola aliyebuni mbinu. "We si una domo kubwa? Kuwa kichwa. Mimi nitamalizia."

Basi ikawa kila ndege wakishuka, mimi napiga debe, "Un!" Ng'ambo unasikia, "Happiness!" Mimi, "Re!" Yeye, "Placement!" Mama Skola akipita na kuni anauliza, "Hawa watoto wanatukanana?" Ndege hawakutua. Nadhani mpunga wa Idete mwaka ule ndio pekee bondeni uliolindwa kwa Kiingereza.

Kosa langu sikuliona mpaka siku ya mgeni. Wiki zote zile nilikuwa nimejifunza vichwa tu. Mikia na viwiliwili vilikuwa ng'ambo ya tuta.

Sasa nimesimama, darasa linacheka, Mwalimu Agata ameshika paji la uso. Mgeni akasema, "Enhe, dis nini?" Mimi nikaona labda sauti haikufika. Nikarudia kwa nguvu zaidi: "Dis!"

Nyuma, benchi la wasichana, Skola akainuka kama aliyechomwa mwiba, viganja mdomoni: "Agreement!"

Nikajibu, "Un!" Naye, "Happiness!" Tukaenda hivyo mpaka vichwa vikaniishia. Mgeni alivua miwani akafuta machozi ya kicheko, kisha akaandika. Mwenye mikia apande la saba. Mwenye vichwa arudie.

Nikarudia, na baadaye kidato cha pili kikanishinda, nikaenda kukoboa mpunga Ifakara, ambako kelele zangu zimepata mashine ya kushindana nazo. Skola anafundisha Kiingereza kule kijiji cha Mbingu. Binti yangu, yeye akikwama neno anainong'oneza simu, simu inamjibu neno zima, kichwa mpaka mkia, keshamaliza na hajashusha hata mguu kitandani. Anajua maneno mengi kuliko baba yake, sikatai. Lakini anajifunza peke yake, kimya, na hakuna hata ndege mmoja anayeruka. Namhurumia kidogo. Sisi neno moja lilihitaji watu wawili na ekari tatu.

Jioni ya siku ile tulirudi kwa njia ya matuta, Skola mbele, mimi nyuma nimenuna kwa kuchekwa. Tukakaribia shamba lao. Hapo ndipo akasema, bila kugeuka:

"Ujue nilikuwa nimesahau yote. Nimekaa pale nalia kimoyomoyo. Ulivyopiga ule ukelele, nikadhani ndege wametua kwetu."