Tarbushi ya Mwalimu Mkuu

Sisi tuliosoma Tabora tukiketi watano kwenye benchi la watatu tuna ugonjwa wetu: tukikutana wawili, wa tatu hapati nafasi ya kusema. Sijafika hata miaka thelathini, lakini wadogo zangu wanaokwenda shule kwa baiskeli wananiita mzee kila nikianza na "enzi zetu". Waache. Mpira wa matambara hawaujui, na michembe, viazi vilivyokatwa vikakaushwa, wanaitazama kama mizizi ya dawa.

Shule yetu ya kati ilikuwa ndogo, ya serikali, yenye harufu ya chaki na jasho. Mbele waliketi wana wa watemi, wenye viatu. Katikati, watoto wa wakulima Wakristo waliokuja kwa treni kutoka Igalula na vijiji vya kandokando ya reli, mifuko imejaa michembe na karanga. Nyuma tulikaa sisi wa mjini, wa Isevya na Chemchem, tuliotoka chuoni kwa maalimu kusoma Kurani alfajiri, tukafika darasani tukisinzia. Mwalimu Mkuu, Mzaramo mrefu mwenye tarbushi nyekundu, alikuwa na neno lake: "Wa watemi wana kichwa, wa shamba wana mikono, wa mjini wana ulimi." Tukaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Moyoni nilijiuliza mbona hasemi kwamba wa watemi wana karabai ya kusomea, na wa shamba hawaonekani darasani tangu mvua za kwanza mpaka palizi iishe. Sikuuliza kwa sauti. Bakora yake haikupenda maswali.

Shule ilisifika kwamba haifelishi. Njia yake ilikuwa rahisi: kabla ya mtihani wa darasa la nane tulipewa jaribio, na waliobaki mkiani hawakuandikishwa. Asiyefanya mtihani atafelije?

Mwaka wetu, tulipangwa mstarini asubuhi. Kesho yake mkaguzi wa Kizungu angekuja kuchukua majina. Mwalimu Mkuu akayasoma, akaikunja karatasi. Hawakutajwa Maganga wa Igalula na Bukuru, Muha, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa reli. Katika jaribio Bukuru alimpita Maganga kidogo. Wote tulijua, maana alama zilisomwa mbele yetu.

"Ninyi wawili mtarudi nyumbani. Jina la shule si la kuchezea."

Kurudia darasa hakukuwapo. Kwao, kurudi nyumbani kulikuwa ndio mwisho wa shule.

Mama Maganga alikuwa kando ya ua. Alishuka na treni kumletea mwanawe chakula. Alipita katikati ya mstari, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Akainuka, mkono ukaruka, tarbushi ikatoka kichwani. "Mtani," akasema, "upara huu ulikuwa unamficha nani?"

Hakuna aliyecheka. Bakora ilikuwa mkononi mwa Mwalimu. Mama yule ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ya pembe za ndovu. Mtani akinyakua kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Lakini hayo ni ya misibani na harusini. Shuleni hatukuwa tumepata kuyaona.

"Mama, hapa ni serikalini."

"Basi serikali ije kuchukua kofia yake." Akaketi chini, akaifunika kwa kanga.

Mshipa wa shingo ulimsimama Mwalimu. Bakora ikapanda, ikabaki hewani. Ampige mtani, Tabora nzima isimulie? Ampokee mkaguzi kichwa wazi?

Bakora ikashuka polepole.

"Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu. Wewe umeweza kofia tu? Ukoo umedhoofika."

"Walibeba, nanyi mkawapokea kwa nazi zilizooza. Ikomboe, mtani."

"Unataka nini?"

"Mwanangu afanye mtihani."

Mwalimu akamtazama mama, akatutazama sisi. "Haya. Akifeli, nakuja Igalula kuchukua mbuzi. Tena mwenye mimba!"

Tulicheka kama watu waliotolewa majini. Bukuru naye alicheka. Kisha akabaki amesimama, tabasamu bado usoni, akimwangalia Mwalimu anavyoikung'uta tarbushi. Baba yake alikuwa kazini relini; na hata angekuwapo, Muha hakuwa na utani na Mzaramo yule.

"Bukuru, kabidhi jembe la shule."

Kila mwanafunzi alipewa moja la kulimia shamba la shule. Akalikabidhi lake.

Maganga alifaulu, leo ni karani, mtu wa tai. Tukikutana hadithi hii haikosi, na tunacheka hadi machozi. Kisha mimi huuliza, "Na Bukuru?" Wananiambia chuo kikuu kimeniharibu, sijui tena kufurahi.

Siku hizi matokeo hubandikwa ukutani kwa namba tu. Wadogo zangu wanasema ndiyo haki: hakuna wa kumnyang'anya kofia. Labda. Ila anayekataliwa sasa huondoka bila hata kuujua uso wa aliyemkataa, na mama yake hana pa kupiga goti. Natamani vicheko vyetu virudi, ila natamani pia vingemtosha kila mtu. Kila nikipita stesheni namkumbuka Bukuru siku ile akiiendea treni ya kwao na sanduku lake la bati, akigeuka nyuma mara kwa mara, kama anayesikiliza iwapo yuko mtu atakayemwita mtani.