Ubeti wa Mwisho wa Mbah Gong

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Bu Tarmi ameketi kwenye kigoda uani kwake, kijijini Kedungwaru, karibu na mji wa Klaten. Mbele yake vizimba saba vinaning'inia chini ya upenu, vyote vimefunikwa kwa vitambaa. Anainuka, anafunua kona ya kitambaa cha kizimba cha pembeni kiasi cha vidole viwili, kisha anarudi kukaa.

Ndani yumo Jenang, ndege dume aina ya murai, wa miezi kumi na moja, mweusi kichwani, tumbo la rangi ya kutu, mkia mrefu kuliko mwili wake. Anaanza kuimba. Bu Tarmi anahesabu kwa vidole. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anapofika wa tisa, uso wa mama huyu umelainika.

Halafu, mahali pa ubeti wa kumi, ndege anatoa mluzi mmoja mwembamba, mrefu, usiopanda wala kushuka.

"Putu," anasema Bu Tarmi, akishusha mikono. "Bado anauza putu."

Ni siku ya kumi na saba. Zimebaki kumi na tatu.

Bu Tarmi, yaani Mama Tarmi, jina kamili Sutarmi, ana umri wa miaka 52 na ni mwalimu wa ndege. Wapenzi wa mashindano ya ndege waimbaji humletea murai wachanga wakae miezi minne karibu na ndege wake mkongwe, Mbah Gong, yaani Babu Gong, wajifunze nyimbo zake. Kila ndege hulipiwa rupia laki nne kwa mwezi, na karibu nusu yake huishia kwenye nyenje na mayai ya sisimizi wekundu.

"Inayobaki inatosha mchele na umeme," anasema. "Mume wangu ana shamba dogo. Njaa hatulali, na nyumba haikosi kelele."

Murai hatoki kwenye yai na wimbo wake. Anausikia kwanza, na kwa miezi kadhaa anaujaribu kwa sauti ya chini.

"Ananung'unika," anaeleza. "Anafumba macho, anavimbisha manyoya, anaongea peke yake kama mtu anayeota. Ukisikiliza kwa haraka utasema ni upuuzi. Lakini mle ndani mna vipande. Hiki cha Mbah, hiki cha jogoo wa jirani, hiki cha mlango wangu wa jikoni. Anavipanga. Akishavifunga pamoja, kuvifungua ni kazi."

Akiwa jikoni anajua ndege wanasema nini bila kuwatazama. Paka akipita ukutani, hutoa milio mikavu, mifupi, na hata shomoro wa juu ya bati hunyamaza. Kwa jike, dume huimba chini chini huku mkia ukipanda na kushuka. Kwa dume mwenzake humwaga beti zote bila kupumua, "kama watu wawili wanaotajiana mababu zao."

Ubeti wa kumi wa Mbah Gong unajulikana katika viwanja vyote vya mashindano vya Klaten. Unaanzia juu kabisa, kisha unaporomoka kama shanga zilizokatika uzi juu ya sakafu. Ndio uliokuwa ukiwaleta wateja.

Lakini Mbah Gong ana miaka kumi na minne. Mwezi Machi alipukutisha manyoya kama kila mwaka, mapya yakaota, naye akabaki kimya. Tangu hapo hutoa ile milio mikavu ya kuonya kuhusu paka tu. Kati ya wanafunzi sita, wawili wamekwisha kuchukuliwa na wenyewe. Jenang, aliyeanguliwa hapa hapa uani, ndiye aliyetegemewa kurithi kazi, na mwalimu asiye na ule mporomoko hapati mwanafunzi.

Kosa ni la Bu Tarmi mwenyewe, na halifichi. Binti yake alipoolewa, ua ulijaa wapishi kwa wiki tatu, naye akahamishia vizimba mbele ya nyumba. Kila jioni muuzaji wa putu, vile vikeki vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya mianzi, alisimama pale pale kwa sababu wageni walikuwa wengi. Mvuke wake hupiga mluzi. Jenang alikuwa katika miezi yake ya kunung'unika.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikinunua zaidi," anasema.

Alijaribu kumrekebisha kwa rekodi ya zamani ya Mbah Gong iliyokuwa kwenye simu. Baada ya siku tano Jenang alikuwa amejifunza mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya rekodi.

"Na ujumbe wenyewe ulikuwa wa dada yake mke wangu, anaazima sufuria," anadakia mumewe, Pak Giyono, akiwa mlangoni. "Hajairudisha mpaka leo."

"Mas," Bu Tarmi anamwita mumewe kwa heshima, "hayo yasiandikwe."

"Sufuria kubwa, ya kifuniko."

Bu Tarmi anamwacha. "Simu haimgeukii mtoto," anasema. "Mbah alikuwa anaimba, ananyamaza, anamtazama, anasubiri. Mtoto anajua anasemeshwa."

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ubeti ule ulikuwa bado hai: kwa Pak Jumeri, mfinyanzi wa vigae vya paa, kilomita sita kutoka hapa. Ndege wake Sersan alisomea kwa Mbah Gong miaka tisa iliyopita. Mwaka uliofuata alishinda pikipiki katika mashindano ya wilaya, na Pak Jumeri akamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba alimfundisha mwenyewe. Tangu siku hiyo Bu Tarmi hakukanyaga kwake.

Alipokwenda mwezi uliopita, alimkuta akipima vigae: anagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama kuna ufa, anachukua kingine.

"Bu Tarmi," alisema bila kuacha kazi. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Pak."

"Basi umepotea njia."

"Mbah Gong amenyamaza."

Mkono wenye kigae ulibaki hewani. "Tangu lini?"

"Machi."

"Na ule mporomoko? Yule mtoto wake si anao?"

"Hana. Ana mluzi wa putu."

Pak Jumeri alicheka mpaka akakalia rundo la vigae, na wafanyakazi wake wakacheka naye. Kisha akajifuta macho. "Kwa hiyo ndege wangu aje amfundishe ndege wako."

"Wimbo wa Mbah urudi nyumbani mwezi mmoja. Wewe umeutunza, hilo nalikubali mbele ya watu. Na wewe sema aliusomea wapi."

Aliwatazama wafanyakazi, kisha kigae. "Kwa Bu Tarmi," alisema.

"Sikusikia."

"Kwa Bu Tarmi. Haya, mchukue kabla sijabadili nia. Siku thelathini, ya thelathini na moja ana mashindano."

Asubuhi ya kwanza Sersan aliimba beti zote kumi. Mwishoni mwa mporomoko aliongeza kitu: milio miwili mikavu ya kugonga. Ko, ko. Mke na mume walitazamana. Ndege aliyeishi miaka tisa karibu na vigae vinavyogongwa alikuwa ameutia mlio wao kwenye wimbo.

"Nilitaka kumrudisha," anakiri Bu Tarmi. "Halafu nikakumbuka, ndege wa marehemu baba ndiye aliyemfundisha Mbah. Baba mwenyewe alikuwa akisema ubeti wa ndege wake ulikuwa mfupi zaidi. Kumbe Mbah naye aliongeza."

Pak Jumeri sasa huja kila alasiri, eti kuhakikisha Sersan hajaharibiwa. Huleta nyenje na hula tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. "Mtoto wako asimwambukize wangu biashara ya putu," husema, akisogeza sahani karibu.

Siku ya kumi na tisa, chini ya kitambaa, Jenang ananung'unika kipande cha mporomoko, nusu yake tu. Siku ya ishirini na tatu anaurudisha mluzi, na Bu Tarmi hali chakula cha mchana.

Siku ya ishirini na sita, saa tisa alasiri, anaimba kwa sauti kamili. Beti tisa. Kisha shanga zinamwagika, zote, na mwishoni: ko, ko.

Pak Jumeri, mdomo umejaa tempe, anainua kidole. "Hapo mwisho ni mimi."

"Nimesikia, Pak."

"Sasa nipo nyumbani kwako mpaka uzeeke."

"Nyamaza tumsikie tena."

Anaimba tena, na tena, hadi kitambaa kinaposhushwa. Mvua zikianza, Jenang atapewa wanafunzi wake wawili wa kwanza. Mmoja ni kinda wa Sersan. Bu Tarmi tayari amechagua msumari wa kutundikia kizimba cha kinda huyo, uani, mbali na barabara.

"Nataka asubuhi moja nikae hapa nifumbe macho," anasema, "nishindwe kujua anayeimba ni mwalimu au ni mwanafunzi."