Siku Tulipoacha Kumwapisha Kaka

Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa tumeizunguka sinia ya biriani nyumbani kwetu, kwenye kichochoro cha nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, kaka yangu akainuka ghafla akisema tumbo linamsumbua. Nilipopanda kumpelekea maji ya ndimu, nilimkuta ameketi juu ya ngazi, simu mkononi, analia bila sauti. Nikadhani tumefiwa. Akanigeuzia simu nione. Ilikuwa mechi ya voliboli ya wanawake, katika nchi ambayo hakuna kati yetu ambaye angeweza kuionyesha kwenye ramani.

"Siijui timu hata moja," aliniambia. "Lakini wakikosa pointi, ni kama nakatwa nyama."

Kaka alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu mpole asiyevuta hata sigara. Kamari aliianza kwa mzaha, kubashiri mpira wa wikendi na wenzake kazini. Mpira ukawa haumtoshi. Akahamia tenisi, kisha mechi za alfajiri za nchi za mbali, kisha chochote kilichokuwa kikichezwa popote duniani. Mkewe, wifi yangu, alikuwa ameshaona vitu vikitoweka nyumbani, ila aibu ilimziba mdomo.

Wadai walipoanza kupiga hodi mlangoni na mambo kufichuka, mama alimwita mjomba, na mjomba akamshikisha kaka Msahafu aape kwamba hatacheza tena. Kaka aliapa, na nina yakini aliapa kwa moyo wake wote. Hazikupita siku nyingi akarudia. Akaapishwa tena. Kila kiapo kilipovunjika alizidi kujiona kafiri, na kila alipojiona kafiri alikimbilia palepale alipozoea kujisahaulisha. Sisi tukazidi kumwonya na yeye akazidi kusema uongo. Ikafika mahali nikiulizwa hali yake najibu "hajambo" huku nikitazama pembeni.

Njia ilifunguka kwa wifi. Alikuwa akifundisha shule ya chekechea, na siku moja alishindwa kujizuia akamwambia mwalimu mwenzake, mama mmoja Mkristo kutoka bara. Yule mama hakushangaa. Alisema mume wake, aliyekuwa fundi wa reli, aliugua maradhi hayohayo na sasa yuko salama. Akatupangia tukutane na huyo mumewe katika mkahawa mdogo pale Makadara, si mbali na kwetu.

Kaka alikuja shingo upande, akaketi karibu na mlango. Yule fundi alimsalimu kwa adabu, akaagiza chai na mahamri, wakazungumza habari za bandari na reli. Chai ilipokaribia kwisha ndipo alipomuuliza, "Ndugu yangu, ukishinda, huwa unaacha?"

Kaka akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa Ramadhani. "Nikishinda ndiyo siachi kabisa."

"Basi si pesa unazotafuta," alisema yule fundi. "Hata mimi hazikuwa pesa."

Kaka aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka. Wiki hiyohiyo walikwenda pamoja kwa mshauri katika hospitali ya serikali, na safari ya pili nasi jamaa tukaitwa. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba haya ni maradhi, kwamba kinachomshika mgonjwa ni ile hali ya kungojea, na kwamba kukosa kidogo tu kunamvuta kama kushinda. Akamgeukia mama kwa heshima, akamwomba tusimwapishe tena, tusimlipie madeni kwa siri wala kumpekua mifuko. Tumuulize waziwazi, na akisema kweli tusimpigie kelele.

Mama hakulipenda neno hilo la kutopiga kelele.

Kaka mwenyewe ndiye aliyeamua yaliyobaki. Alizifunga akaunti zake zote za kamari, akabadilisha simu akachukua kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, akataka mshahara uingie mikononi mwa wifi. Kila wiki akawa anahudhuria kikao cha watu wenye shida kama yake, na yule fundi akimpitia waende pamoja. Alirudi amechoka, lakini alikula.

Halafu akateleza. Aliazima simu ya mtu kazini, akacheza humo. Hakuna aliyejua, na tusingejua. Asubuhi yake alikuja jikoni, mama akichoma mikate ya mofa, mimi nikikuna nazi.

"Mama," alisema, "jana nilicheza."

Mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi ya kukunia. Mama alimtazama mpaka mkate ukaanza kuungua. Akautoa, akauweka kando.

"Umekuja mwenyewe kunambia," alisema. "Keti ule."

Kaka alikula mkate ule ulioungua bila kuchagua, na mama akasimama kando yake, mkono begani mwake. Mimi nilitoka uani nikalia, na yalikuwa machozi mepesi.

Mshauri alituonya kwamba hii ni safari ya siku baada ya siku, nasi hatujisahau. Lakini siku hizi hodi ikipigwa mlangoni hatutazamani tena kwa hofu kuuliza ni nani anayemdai. Aliye jirani na mlango huitikia "Karibu," na mara nyingi ni jirani tu, amekuja kuomba chumvi.