Kovu la Bibi Kwenye Jiwe

Juzi nilimtembelea shangazi mjini Same, nikakuta ile picha ya bibi bado imetundikwa sebuleni. Nikajiona niko kijijini Myamba tena, alasiri moja ya utoto wangu, baraza ikinukia tangawizi iliyoanikwa na wino wa shangazi.

Shangazi, mwalimu wa uchoraji, alikuwa amemchora mama yake juu ya bamba la jiwe kwa chaki nyeusi ya mafuta: mistari minene, jicho moja kubwa kuliko jingine, kidevu kama jembe. Kisha akalipangusa jiwe kwa sifongo lenye maji. Nikaanza kulia, nikidhani bibi anafutwa. Sikujua kwamba maji na mafuta hayapatani, na kwamba wino ungeshika kwenye mistari tu. Rola yenye wino ikapita ikinatanata, karatasi ikagandamizwa, ikabanduliwa polepole.

"Huyu si bibi," nikasema. Kovu la shavu lake la kushoto lilikuwa limehamia la kulia. Hata babu alitikisa kichwa.

Bibi aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Ni mimi," akasema. "Mimi kabisa."

Miaka yote niliamini alitaka tu kumfurahisha mwanawe. Baadaye nilijifunza kwamba chapa ya jiwe hugeuza kushoto kuwa kulia. Lakini juzi, nikichana nywele mbele ya kioo cha shangazi, ndipo nilipomwelewa bibi. Sisi tulimjua kwa kumtazama usoni. Yeye uso wake aliujua kwa kioo tu, na kwenye kioo kovu lilikaa pale pale jiwe lilipoliweka.