Halwa ya Brisbane

Nataka kumsema shemegi yangu, mume wa ndugu yangu mdogo wa kike, na nataka kumsema kwa haki. Shule niliacha mapema, kwa hiyo sina hakika kama mtu anaweza kuandika na hasira zake na bado akawa na haki. Nitajaribu. Pale nitakapomwonea nitarudi nyuma nimpunguzie.

Alikwenda Australia kwa masomo ya serikali, akamchukua ndugu yangu na watoto, wakakaa Brisbane miaka, kisha wakarudi Maskati wakajenga mtaa wa Khoudh. Alirudi na shahada, na ndugu yangu alirudi kanenepa na anacheka. Hayo hayamo katika kesi yangu.

Kesi yangu inaanza na Australia yenyewe aliyokuja nayo. Uani kwake kasimika mti wa chuma wa kuanikia nguo, una mikono minne na kamba tele, unazunguka kwa upepo kama mwavuli ulionyang'anywa kitambaa. Anasema kule kila nyumba ilikuwa nao, na watoto hujining'iniza humo mpaka wafokewe. Ijumaa baada ya sala anavaa kaptura na kofia pana ya wachunga ng'ombe wa huko, anawasha jiko la gesi, anachoma soseji, anaikunja kila moja ndani ya slesi ya mkate na vitunguu, na hiyo ndiyo karamu. Ndara hazimtoki miguuni, nimemwona nazo harusini. Kila mtu anamwita "meti", yaani rafiki kwa lugha ya huko, mwenye duka la maji, fundi wa viyoyozi, hata ami yetu, ambaye alimjibu, "Mie si meti wako, mie ni ami wa mkeo."

Asubuhi anatazama mpira wao, ule wa umbo la papai, wachezaji wanaudaka na kuupiga ngumi na kupandiana mabegani, na mtu akikosa goli kwa karibu hupewa pointi moja vilevile. Nilimuuliza kwa nini aliyekosa apewe kitu.

"Kwa kujaribu, meti."

Hilo nililipenda, na ninaliandika ingawa linamsaidia yeye.

Ila jambo kubwa alilorudi nalo ni kumkashifu mtu kwa mapenzi. Alinieleza mwenyewe: "Kule mtu akikuheshimu sana ujue hakupendi. Akikupenda atakwambia una kichwa kama tangi la maji."

"Na asiyekupenda?"

"Huyo atakwambia habari za asubuhi."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na majlisi yake imejaa: ami, mabinamu, jirani zake wawili. Ikaletwa fuala, lile sinia la matunda na halwa linalotangulia kahawa. Kwetu mgeni hawezi kulikataa, lazima aonje. Mkubwa ni ami, lakini ami ana sukari, kwa hiyo bakuli lilianzia kwangu. Halwa nyeusi, inang'aa, imelala vizuri ndani ya bakuli la udongo, lozi zimenyunyizwa juu. Nikachota kama halwa inavyochotwa, kwa vidole vitatu, tonge la mtu asiye bakhili, nikatia mdomoni.

Haikuwa halwa. Lilikuwa lile dude lao jeusi la kupaka mkate, la hamira na chumvi, ambalo kule watoto wanalishwa tangu wanaota meno, na watu wazima wanalipaka kidogo tu, kama mtu anavyopaka wanja. Mimi nimelitia tonge zima. Chumvi ilinifika masikioni, na nyuma yake uchungu kama wa dawa. Likanishika kwenye kaakaa. Na kwetu mgeni hatemi chakula cha mwenyeji wake. Atasema bismillahi atameza. Nikameza. Machozi yakanitoka. Nikasema, "Alhamdulillah." Shemegi kakaa mkabala nami, simu kaisimamisha juu ya goti.

"Vipi halwa ya Brisbane?" akaniuliza.

"Ina chumvi kidogo," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yanayosikika mwisho wa ile video, na mimi nafuta macho kwa ncha ya kilemba. Kabla ya alasiri ilishaingia kwenye kundi la familia la simu, na kutoka hapo ikafika Unguja, Dubai, Cardiff, kwa watu ambao hata mazishi ya mama yangu hawakuyasikia. Mimi nipo Wattaya, dirisha la spea, kwenye duka la magari. Mteja mmoja nisiyemjua alipokea filta ya oili kwangu, akainusa, akauliza kama ina chumvi kidogo.

Sasa haki yake. Shemegi ni mtani wangu. Hilo halina ubishi, shemegi humtania shemegi tangu enzi, na mimi mwenyewe siku ya harusi yake nilimfungia mlango wa bibi harusi mpaka akaimba, na aliimba vibaya. Basi haki ya kunilisha dude anayo. Nimelifikiri jambo hili huku na huku, na sikuona pa kumnyima. Lakini utani una kuta zake. Unafanywa mbele ya waliopo, wanacheka, unakufa palepale. Haurekodiwi. Yeye aliutoa nje akawapa watu ambao si watani wangu, wakanicheka bila ruhusa. Hapo ndipo ninapomshika, na hapo sijamwachia.

Pengine ningemwachia kama si posa ya mwanangu. Mwanangu ni mmoja tu, na alikuwa kamtaka binti wa watu wa mtaa wa Hail, ukoo uliokuja Oman kutoka bara, babake anafundisha chuo kikuu. Nilikwenda kwa ami kupanga nani atasema siku ya posa, na nilikwenda najua jibu, maana baba wa kijana ni mimi, nipo hai na nina ulimi. Maneno yale nilikuwa nayatunga tangu mtoto ana miaka saba. Nikiyasema peke yangu ndani ya gari, njia ya Wattaya, mpaka watu wa gari za pembeni wananitazama.

Ami akatazama chini.

"Mwanangu, mie nnakwambia na roho inaniuma. Watu wale wameiona."

"Wameona nini?"

"Wameiona chumvi."

Akasema baba wa binti ni mtu wa masomo, na sisi kwetu mtu wa masomo tunaye. Mimi nikae, nipendeze, shemegi aseme. Nikamuuliza kama ananifanyia mzaha.

"Ningekuwa na umri wa mizaha," akasema, "ningekula halwa."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna.

"Si ungetema."

"Mgeni hatemi."

"Basi umemeza. Na hili meza."

Sikumeza. Nilianza kutafuta kisasi, na nakiandika hapa kama kilivyokuwa. Kwanza nilitaka kumtilia kipande cha papa mkavu ndani ya lile sanduku lake la barafu la kwendea ufukweni, ili alisahau garini katika joto la Julai. Papa nilimnunua kabisa. Kisha nikakumbuka kuwa anayelisafisha sanduku ni ndugu yangu. Tukampika kwa nazi, tukamla. Nikataka tena niwaambie watu kwamba Brisbane mwaka mmoja alifeli akaurudia. Ni kweli, lakini ndugu yangu aliniambia akiwa na kilio, na siri ni yake. Kila kisasi nilichokipima kilikuwa kinampiga mtu mwingine njiani. Nikabaki nacho kifuani kinachacha.

Ikafika siku. Tulikwenda kwa gari lake, baada ya magharibi, ami kakaa mbele, mimi nyuma na binamu mmoja. Niseme ukweli: shemegi alivaa kanzu safi, kilemba kimefungwa vizuri kuliko changu, na viatu. Kwa watu wa Hail tukapokewa vyema. Kahawa ikamiminwa, kila mtu akaweka finjani yake chini bila kuonja, maana kahawa ya posa hainywewi mpaka mwenye nyumba aitikie haja.

Shemegi akaanza, na alisema vizuri. Alimhimidi Mungu, akamsalia Mtume, akataja ukoo wetu na wao bila kuruka mtu, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa natamani ajikwae, na papo hapo naogopa asije akajikwaa, kwa sababu mwanangu alikuwa amepanda juu ya maneno yaleyale. Sijui kama kuna mtu mwingine ameshawahi kukaa namna hiyo.

Baba wa binti, mtu mfupi mwenye miwani, akalainika. Akamuuliza shemegi alisoma wapi. Hilo ndilo lililomponza. Shemegi akiitaja Brisbane hujiona yupo uani kwake na kofia yake. Wakazungumza habari za vyuo, wakacheka, na shemegi akampiga yule mzee kofi la goti, akasema:

"Tumeambiwa binti kachukua sura ya mamake. Sasa nimekuona wewe, meti, namshukuru Mungu zaidi."

Mama wa nyumba ile katajwa sura na mwanamume wa kando, mbele ya wanawe wa kiume. Na baba kakashifiwa sebuleni kwake, na mtu aliyekuja kuomba. Kaka mkubwa wa binti alikuwa kashika dele la kahawa. Akaliweka chini taratibu, na mkono ukabaki juu yake.

Shemegi akanigeukia. Alikwishafahamu. Alichoniomba kwa macho kilikuwa wazi: nitoe humu. Nami nikakaa. Sikukimbilia. Nilimtazama anavyotafuta pa kuweka mikono yake, kwanza mapajani, kisha kwenye kilemba, kisha mapajani tena, na niliona utamu ambao sina neno lake. Ami akanikanyaga mguu.

Nikamwelekea baba wa binti.

"Bwana, tuwie radhi. Huyu ni shemegi yangu, katuleta kwa gari. Mwenye haja ni mimi."

Hakuna hata neno moja hapo la uongo. Gari ni lake, na kaliendesha yeye.

Kisha nikasema yangu. Hayakutoka kama nilivyoyatunga, mengine yalinikimbia. Nikasema mimi ni mtu wa dirisha, nauza spea, mwanangu nimemlea kwa dirisha lile. Nikasema kama yupo Maskati hii mtu niliyempa kitu kibovu nikamwambia kizima, asimame, na posa ivunjike leo. Nikasema mwanangu ana hasira za haraka, na asubuhi hasemi na mtu, nisije nikaficha. Binamu akakohoa. Nikasema ila hajapata kumnyanyulia mtu sauti akamwacha bila kurudi kumtaka radhi, na hilo kalipata kwa mamake.

Baba wa binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akawatazama wanawe mmoja mmoja.

"Nitamuuliza binti, shauri ni lake. Kwa upande wangu," akasita, macho yakatua kwa shemegi yakakaa hapo, "kunyweni kahawa. Na dereva naye anywe."

Shemegi akanywa. Nilimwona koo linavyopanda na kushuka.

Kurudi tukapita raundabauti. Kisha shemegi akasema, bila kugeuka, "Umenifanya dereva."

"Ulikuwa unaendesha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni.

"Hiyo kali, meti. Hiyo ndiyo yenyewe. Miaka yote hii nakungoja unijibu."

Ami naye akaanza kucheka. Binamu akacheka. Mimi nimekaa nyuma, kisasi changu cha miezi kimechukuliwa mikononi mwangu, kimekuwa zawadi. Tulipofika Khoudh alimhadithia ndugu yangu palepale mlangoni, neno kwa neno, hakujipunguzia kitu, hata lile kofi la goti alilionyesha. Kesho yake akaandika mwenyewe kwenye kundi la familia: kuanzia leo mniite dereva. Wote wakacheka, na walimpenda zaidi kuliko jana. Mtu anayejeruhiwa akashukuru, unamfanya nini?

Mke wangu anasema tumelipana. Nimejaribu kuona hivyo. Lakini langu lilifanyika ndani ya kuta, mbele ya waliopo, na hakuna aliyelipiga picha. Lake bado linatembea. Juzi limerudi kutoka Cardiff, kuna mtu kaliwekea muziki.

Binti amekubali. Akadi ya ndoa ni mwezi ujao, na ami mwenyewe kaja nyumbani kunambia nitasema mimi. Jana shemegi akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Meti, nije niwapakie saa ngapi? Nimenunua na kofia ya dereva."

"Usije. Nimekodi gari."

"Umekodi? Na mimi?"

"Wewe gari unalo, njoo nalo."

Nilingoja kicheko, maana kwake kicheko huja nyuma. Hakikuja. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimechukia, nikamjibu kuwa msikiti ni ule wa karibu na pwani, asipotee njia.

Nimejiuliza usiku na mchana kama nimemwonea, na nimeahidi mwanzo kwamba nikimwonea nitampunguzia. Bado sijaona cha kumpunguzia. Gari nililokodi ni dogo, ami analalamikia magoti yake. Nimemwambia avumilie.